Hela ya kuonyeshwa: siku saba za mdogo wangu na madalali wa Dar es Salaam

Mdogo wangu ni muuguzi. Machi mwaka huu alihamishwa kutoka Singida kuja hospitali moja katikati ya Dar es Salaam, na alikuwa na siku saba tu kabla ya kuripoti kazini. Alifikia kwangu Chanika. Kwangu nafasi ipo, lakini kutoka Chanika hadi mjini ni daladala mbili na saa mbili za njiani siku ambayo barabara haijafunga. Mtu anayetoka zamu saa mbili usiku hawezi kuishi hivyo. Ilikuwa lazima apate nyumba karibu na njia ya mabasi ya mwendokasi.

Nimewaona ndugu zangu wengi wakihangaika kutafuta nyumba hapa mjini, na kila mara tunasema madalali wezi, basi, mjadala umeisha. Safari hii nilichukua daftari. Kila jioni mdogo wangu aliporudi alinieleza alikopelekwa, na nani, kwa shilingi ngapi, nami nikaandika. Nilipoyasoma yale maandishi siku ya tatu niliona kwamba fedha ilikuwa inapotea kabla hajafika kwenye nyumba yoyote. Ilipotea kwenye simu, pale safari ilipokuwa inapangwa.

Alikuwa na 1,700,000. Alitaka chumba, sebule, jiko na choo ndani, kodi isizidi 200,000 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi hapa wanataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi na idadi ya miezi ni maelewano, na katika maelewano hayo mpangaji ndiye mwenye haraka. Kwa hiyo 1,200,000 ya mwenye nyumba, 200,000 ya dalali kwa desturi ya kodi ya mwezi mmoja, zinabaki 300,000 za godoro, mtungi wa gesi na kirikuu cha kuhamishia vitu. Hela ya kuonyeshwa nyumba hakuiweka kwenye hesabu kabisa. Singida, aliniambia, chumba alikipata kwa kumuuliza mama anayemuuzia mboga.

Jumatatu alikutana na dalali wa kwanza, aliyempata kwa tangazo la simu. "Dada, njoo na elfu ishirini ya usumbufu, tutazunguka hata nyumba tano." Ilitakiwa itumwe kabla hajatoka nyumbani. Akatuma. Nyumba ya kwanza, Sinza, ile ya kwenye picha, ilikuwa imeshalipiwa. Mlinzi wa getini alisema mpangaji kaingia tangu wiki iliyopita. Ya pili, Kijitonyama, tangazo lilisema LUKU (mita ya umeme) yake mwenyewe. Mita ilikuwa moja kwa vyumba vinne, na mmoja wa wapangaji anauza barafu, ana friji mbili. Nyumba nyingine tatu hazikuonekana. Dalali alisema wenye funguo hawapokei simu.

Jumanne ilikuwa mbaya zaidi, japo nyumba yenyewe ilikuwa nzuri. Dalali wa pili alimpigia Jumatatu usiku: kuna nyumba Mabibo, mpya, vigae, maji ndani, watu watatu wanaigombea, atume 50,000 ya kushikilia. Mdogo wangu alikuwa ametembea mchana kutwa kwa bure, amechoka, ana hofu ya siku kwisha. Alituma. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa la yule aliyekuwa anazungumza naye, akaambiwa ni la mke wake. Asubuhi akalipa 15,000 nyingine ya kupelekwa. Nyumba aliipenda. Mwenye nyumba akatoka, akasalimia vizuri, akasema anataka mwaka: 2,400,000. Mdogo wangu akasema ameambiwa miezi sita. Yule baba akashangaa, "Nani kakwambia? Mimi tangu mwanzo nimesema mwaka." Dalali akamvuta pembeni, "Usijali, huyu anaongeleka." Hakuongeleka. Na ya 50,000 mwenye nyumba hakuwa na habari nayo.

Jumatano ndiyo ninayotaka kukaa nayo kidogo.

Dalali wa tatu alichukua 15,000, kisha wakakutana na dalali wa nne, kwa sababu nyumba ilikuwa ya huyo wa nne, naye akataka 10,000 yake. Wakasimama chini ya mwarobaini karibu saa nzima kumsubiri mtu wa tatu mwenye kujua nyumba ilipo. Hii ni kawaida. Nyumba moja huzunguka mikononi mwa madalali wanne au watano, na yule unayeongea naye wewe mara nyingi hajawahi kuiona, wala hajui sura ya mwenye nyumba. Anachokijua ni sauti iliyorekodiwa na picha mbili alizotumiwa.

Wakafika Kigogo. Dalali akasukuma pazia la mlangoni: "Hodi jamani, tumekuja kuona chumba." Ndani alikuwepo mwanamke mmoja amekaa kwenye kigoda, mtoto mgongoni, beseni la unga limefunikwa kwa khanga, karai liko motoni. Alikuwa anachoma maandazi ya biashara. Akauliza, "Chumba gani?"

Hakuna aliyemjibu. Mdogo wangu anasema hapo alitamani ardhi ipasuke. Yule mama hakuwa ameambiwa kwamba anatoka. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, mwenye nyumba yuko Moshi, na habari ya kuhamishwa ndiyo ilikuwa inaingia mlangoni mwake wakati huo, imeletwa na watu asiowajua, mafuta yakiwa motoni.

"Dada, nisamehe," mdogo wangu akamwambia, "tuliambiwa nyumba iko wazi."

"Ingia tu mdogo wangu uone. Wewe huna kosa."

Akampitisha mwenyewe. Akainua pazia la dirisha la nyuma akamwonyesha ukutani, chini, mstari wa tope uliokauka, unafika magotini. Bonde la Msimbazi liko nyuma ya nyumba. "Mvua kubwa ikinyesha tunapandisha godoro juu ya meza." Akamweleza pia kwamba maji ya bomba yanatoka usiku wa manane na unakinga ndoo. Hakusema kwa hasira. Dalali wa nne alimsubiri mdogo wangu nje, akamnong'oneza, "Usimsikilize, huyo anataka kubaki." Mdogo wangu alinunua maandazi ya elfu moja, wakapeana namba, akarudi Chanika akalia.

Nikapiga hesabu usiku ule. Za kuonyeshwa 60,000, ya kushikilia 50,000, bodaboda na daladala 28,000. Jumla 138,000 kwa siku tatu, zaidi ya theluthi mbili ya kodi ya mwezi mmoja, na nyumba hana. Katika siku zote tatu, taarifa pekee iliyokuwa ya kweli na yenye manufaa, ile ya mstari wa tope, alipewa bure na mtu ambaye safari ile ilimdhulumu.

Dalali anaingiza fedha kwa njia mbili. Kuna kodi ya mwezi mmoja, anayoipata mteja akichukua nyumba, na kuna hela ya kuonyesha, anayoipata mteja akitoka nyumbani kwake. Ya kwanza ni kubwa lakini haina uhakika. Ya pili ni ndogo lakini ni ya leo, na haimuulizi kama nyumba ipo. Dalali anayepeleka watu sita kwa siku kwa 15,000 analala na 90,000 hata kama nyumba zote alizotangaza zilishachukuliwa mwezi uliopita. Hivyo anapoulizwa kwenye simu "LUKU ni ya peke yake?" jibu linalomlipa ni ndiyo. "Mwenye nyumba anakubali miezi sita?" Ndiyo, anaongeleka. Simsemi kwamba kazaliwa mwongo. Nasema kwamba ukishamlipa kabla ya safari, ukweli unamgharimu na uongo haumgharimu chochote. Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inayotaka wakala asajiliwe, na bado jamaa zangu wa Nairobi wananisimulia hayohayo ya kulipia kuona nyumba.

Alhamisi asubuhi tukakaa mimi na yeye mezani, simu katikati. Tulikubaliana kwamba hatoki mtu mpaka maswali yajibiwe, na kwamba hela ya kuonyeshwa italipwa mlangoni pa nyumba, mlango ukishafunguliwa, wala si kabla.

Tuliuliza swali la ufunguo kwanza. "Ufunguo uko kwa nani sasa hivi?" Swali hili dogo linachuja kuliko yote. Dalali mwenye nyumba mkononi hujibu papo hapo: ninao mimi, uko kwa mama mwenye nyumba, uko kwa jirani wa chumba cha mbele. Asiye nayo huanza kuzunguka: wewe njoo kwanza. Kisha: nani anaishi humo leo, na ameambiwa kuna watu wanakuja? Hilo mdogo wangu alilisisitiza mwenyewe baada ya Kigogo, na alikata simu mbili kwa ajili yake. Kisha: mwenye nyumba umeongea naye lini mara ya mwisho, na yeye kwa mdomo wake amesema miezi mingapi? Halafu LUKU, halafu maji, siku gani yanatoka na yanahifadhiwa kwenye nini. Mwisho tuliomba video fupi ya leo, bomba likiwa limefunguliwa, kwa sababu picha za matangazo huwa za siku nyumba ilipopakwa rangi.

Tulipiga simu kumi na moja. Saba zilikufa kwenye swali la ufunguo na la mpangaji. Wawili walikasirika tulipotaja kulipa mlangoni. Mmoja alisema, "Dada hujui mji huu." Wawili wakabaki, na mmoja wao alikuwa mzee mwenye kijiwe Manzese, benchi chini ya mwembe na kibao cha bati kilichoandikwa kwa mkono: DALALI, VYUMBA, NYUMBA, FREMU. Yeye alitaka tuonane ana kwa ana kwanza. Tulikwenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Nani mwenye shida ya nyumba?"

Nilimweleza wazi habari ya kulipa mlangoni na kwa nini. Hakukasirika. Alifungua daftari kubwa, kurasa zimejaa majina na namba za simu, mengine yamepigwa mstari. Akanionyesha mwezi uliopita: watu 31 aliowapeleka, waliochukua nyumba kwa mkono wake wanne. "Wengine nyumba hawakuipenda, sawa. Lakini hawa," akaweka kidole kwenye majina matano, "wamo ndani ya nyumba nilizowaonyesha mimi. Walirudi usiku peke yao wakamalizana na mwenye nyumba. Mwanangu, mteja akishaiona nyumba, miguu anayo."

Hilo lilinigusa, na sikuwa nimelifikiria. Nimekuwa nikiihesabu hela ya kuonyeshwa kama wizi mtupu. Kumbe kwa mtu kama yule ni kinga. Anatembea juani, analipa boda, anatumia vocha, na akishafungua mlango hana tena kitu cha kumzuia mteja wala mwenye nyumba wasimzunguke. Wapangaji nasi tumechangia kuijenga hela hii.

Basi tukakubaliana kwa maandishi. Nilichana karatasi kwenye daftari langu tukaandika kwa mkono: leo tarehe fulani, fulani ataonyeshwa nyumba na mzee fulani katika mitaa hii, atalipa 10,000 mlangoni mwa nyumba ya kwanza itakayofunguliwa, hatalipa tena siku hiyo hata wakienda ya pili, na akichukua mojawapo, mzee atapata kodi ya mwezi mmoja ikitolewa hiyo 10,000. Mdogo wangu akasaini, mzee akasaini, na mimi shahidi. Nakala mbili. Yake aliikunja akaiweka ndani ya daftari lake, akasema ni mara ya kwanza mteja kumwandikia yeye. Makubaliano kama haya yana nguvu kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hata yakiandikwa kwenye karatasi ya daftari, lakini faida yake kubwa niliiona palepale: mzee alianza kutuambia ubaya wa nyumba zake mwenyewe. "Hiyo ya Ubungo msiende, kuna baa, muuguzi atalala lini?"

Akatupeleka Kimara. Nyumba ya kwanza ilikuwa ndogo mno. Ya pili, upande wa Baruti, dakika kumi kwa mguu kutoka kituo cha mwendokasi: chumba, sebule, jiko, choo ndani, 180,000, mama mwenye nyumba anaishi palepale mbele. Ufunguo ulikuwa kwake. Mpangaji aliyetangulia alikuwa amehama siku nne zilizopita, na mashimo ya misumari yake yalikuwa bado ukutani. Mdogo wangu alifungua kila bomba, akavuta maji chooni, akawasha kila taa, akachungulia kona za dari kama kuna madoa ya maji. Alinusa kabati la jikoni. Mzee alitulia tu mlangoni na elfu kumi yake mkononi.

Hakuamua siku ile, na nilifurahi. Ijumaa tulirudi wawili, bila dalali, saa tatu usiku, kwa sababu hiyo ndiyo saa atakayokuwa anarudi kutoka zamu. Mzee tulimwarifu kwa simu ili asidhani tunamzunguka. Tulishuka Baruti tukatembea. Kuna kipande cha mita mia hivi hakina taa, halafu duka la mangi ambalo huwa wazi mpaka saa nne. Tukanunua maji, tukamuuliza mangi habari za mtaa. Kimara ni milima, maji ni kilio cha siku nyingi. Akasema bomba hutoka Jumanne na Ijumaa, na kwa yule mama kuna simtanki kubwa, "wapangaji wake siwaoni na ndoo." Akasema pia jirani wa kushoto ana mbwa wanaobweka alfajiri. Tukasimama nje ya nyumba kama dakika ishirini tukisikiliza tu.

Jumamosi alilipa. Kodi ya miezi sita, 1,080,000, iliingia moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba, kwa jina lake, tulilolilinganisha na kitambulisho chake cha taifa (NIDA). Haikupita mkononi mwa dalali, na mzee mwenyewe ndiye aliyesema iwe hivyo. Yake, 170,000, alipewa ufunguo ulipokuwa tayari mfukoni mwa mdogo wangu. Mkataba nakala mbili, ukagongwa muhuri ofisi ya serikali ya mtaa, ambako pia alijiandikisha kama mkazi mpya.

Kwenye mkataba tuliongeza mambo mawili. La kwanza, kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayejikuta anamlipia mwenye nyumba kodi yake. Mama alikubali iwe inajumlishwa na kupunguzwa kwenye kodi ya miezi sita ijayo. La pili alilidai mdogo wangu na hakukubali kuliacha: mwenye nyumba akitaka kuingiza mpangaji mwingine, atamwambia yeye kwanza kwa maandishi mwezi mmoja kabla, na hakuna mtu atakayeletwa kuona nyumba bila taarifa ya siku mbili na saa iliyokubaliwa. Mama mwenye nyumba aliuliza kwa nini jambo dogo kama hilo liandikwe. Mdogo wangu akamsimulia ya Kigogo, ya pazia na karai la mafuta. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasaini.

Ile 50,000 ya Mabibo tuliifuata wiki iliyofuata kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ya kule, tukiwa na ujumbe wa muamala kwenye simu. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na tuliambiwa tunaweza kwenda polisi. Mwenyekiti alimpigia dalali kwanza. Akaja. Alisema fedha alimpa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akapigiwa mbele yake, akakana. Dalali akatoa 30,000 pale pale na kuahidi 20,000 Ijumaa. Ijumaa imepita mara tatu.

Yule mama wa maandazi alimpigia mdogo wangu mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba alikuwa amemthibitishia kwamba anatoka, ana siku kumi, na dalali mmoja amemtaka atume 20,000 ili wakaone chumba Mburahati. Mdogo wangu alimwambia asitume, amuulize kwanza ufunguo uko kwa nani. Kisha akamtumia namba ya mzee wa Manzese, na picha ya ile karatasi yetu, aione tulivyoiandika.